Tovuti ya kibanda cha chakula kama mradi wa mwanafunzi: kutoka daftari hadi kukabidhi

Mtu anayefungua tovuti ya kibanda cha chakula mara nyingi ana njaa, amesimama, na simu ameishika kwa mkono mmoja. Ana maswali manne tu: kibanda kiko wapi, kiko wazi sasa hivi, leo kuna nini, na ni bei gani. Tovuti inayoyajibu hayo manne kwa ukweli kila siku ni mradi mzuri, hata kama haina mbwembwe. Yenye picha zinazoteleza na bei za miezi sita iliyopita ni mbovu, hata kama siku ya uwasilishaji ukumbi mzima ulipiga makofi.

Ugumu uko kwenye hilo neno "kila siku". Bei hupanda, chakula huisha kabla ya jioni, siku nyingine mwenye kibanda hafungui kabisa. Ndiyo maana kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, jiulize: ukishahitimu, nani atabadilisha bei, na atazibadilisha kwa kutumia nini? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Utahitaji kujua HTML na CSS za kawaida na JavaScript kidogo. Huhitaji fremuweki (mfumo wa msimbo uliotengenezwa tayari), huhitaji hifadhidata, huhitaji seva ya kulipia. Kama mradi una wiki nane, tumia moja kibandani, moja kwenye michoro, tatu kujenga, moja kujaribu na watu, moja kurekebisha, na ya mwisho kwa ripoti na makabidhiano. Wanafunzi wengi huipa michoro nusu siku na majaribio jioni moja, kisha hushangaa kwa nini wiki ya saba bado wanahamisha vitufe.

Hatua ya 1: Nenda kibandani na daftari

Usianze na maswali ya "ungependa tovuti yako iweje?" Mwenye kibanda atakuambia anataka iwe nzuri, na hilo halikusaidii. Simama pembeni kwa saa moja wakati wa wateja wengi, uandike kila swali linaloulizwa, kwa maneno yaleyale ya mteja. Weka alama kila linaporudiwa. Ukirudi nyumbani utakuwa na orodha ya maswali halisi yenye hesabu yake, na orodha hiyo ndiyo itakayopanga ukurasa wako: lililoulizwa mara nyingi zaidi linakaa juu.

Kisha kaa na mwenye kibanda wakati hakuna kazi, umuulize mambo ya hakika. Vyakula vyote anavyouza na majina anayoyatumia yeye mwenyewe. Bei ya kila kimoja, na kama kuna nusu sahani. Ni vipi hupatikana kila siku, ni vipi kwa siku maalumu. Saa za kufungua na kufunga kwa kila siku ya juma. Namba ya simu aliyo tayari ionekane hadharani, kwa sababu pengine hataki ile yake ya binafsi. Ni vyakula gani vina maziwa, mayai, karanga, ngano au samaki. Kwa mtu mwenye mzio, taarifa hii ina uzito kuliko bei.

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika: anatumia simu ya aina gani, na ameshawahi kujaza jedwali lolote kwenye simu hiyo? Mwombe akuonyeshe. Utajua papo hapo kama mpango wa kusasisha menyu utawezekana.

Andika makubaliano ya ukurasa mmoja: tovuti itafanya nini, haitafanya nini, na ruhusa ya kutumia jina na picha za kibanda. Kwenye "haitafanya" weka malipo ya mtandaoni na akaunti za wateja. Mwanafunzi anayekusanya nywila na namba za kadi amebeba dhamana asiyoweza kuilinda, na kibanda hakihitaji mzigo huo.

Hatua ya 2: Chora kwa penseli, kwa upana wa simu

Chukua karatasi, chora mistatili mirefu myembamba kama skrini ya simu. Kwenye msimbo, pima kwa upana wa pikseli 360, na uhakikishe hakuna kinachokatika hata kwenye 320. Toleo la kompyuta litafuata lenyewe. Ukianza na kompyuta, simu hupewa mabaki.

Ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa jina la kibanda, na chini yake mstari unaosema kama kiko wazi sasa na kinafunga saa ngapi. Kisha vitufe viwili, kupiga simu na kuelekezwa njia. Menyu inaanza hapohapo, kabla mteja hajasogeza skrini mara mbili. Saa za juma zima, maelezo ya mahali na picha za kibanda vinakaa chini. Historia ya mwenye kibanda, kama ipo, ni aya moja mwishoni.

Kitu cha kuepuka ni ile picha kubwa inayojaza skrini yote juu, yenye neno "Karibu". Inakula nafasi ya majibu yote manne.

Chora angalau mipangilio mitatu tofauti, umwonyeshe mtu asiyejua mradi wako, na uhifadhi karatasi zote, hata zilizokataliwa. Zitaingia kwenye ripoti.

Hatua ya 3: Folda na mifupa ya ukurasa

Folda moja, ndani yake index.html, mtindo.css, menyu.js na folda ndogo ya picha. Majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi. Hili si suala la unadhifu tu: kompyuta ya Windows haitofautishi Supu.JPG na supu.jpg, lakini seva nyingi hutumia Linux, ambayo inavihesabu kuwa vitu viwili. Picha zinaonekana vizuri kwako, ukipandisha tovuti hewani zote zinatoweka.

Mwanzoni mwa faili la HTML kuna mambo matatu yasiyokosekana. La kwanza ni charset="utf-8", inayokiambia kivinjari jinsi ya kusoma herufi, mapema kabisa, ndani ya baiti 1024 za mwanzo. La pili ni lang="sw" kwenye tagi ya html, ili programu inayomsomea asiyeona ijue inasoma Kiswahili na kivinjari kisijaribu kutafsiri kilicho tayari. La tatu ni meta ya viewport yenye maudhui haya:

width=device-width, initial-scale=1

Ukiisahau, simu hujifanya ina skrini ya upana wa pikseli kama 980, kisha hukunjakunja kila kitu kiingie. Maandishi yanakuwa ya kusoma kwa kukodoa macho. Mara nyingi mtu anapolalamika kwamba CSS yake ya simu haifanyi kazi kabisa, mstari huu ndio uliokosekana.

Tumia tagi zenye maana: header, main, section, footer, h1 moja ya jina la kibanda, h2 kwa kila sehemu. Anza kutumia Git, programu ya kutunza kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, siku hiyohiyo, uandike ujumbe unaoeleweka kila unapohifadhi hatua. Historia yake ni ushahidi kwamba kazi ni yako.

Hatua ya 4: Menyu, moyo wa kazi yote

Wengi huandika vyakula na bei moja kwa moja ndani ya HTML. Siku ya kwanza inafanya kazi. Bei ikipanda, mwenye kibanda anamtafuta mwanafunzi, mwanafunzi yuko kwenye mitihani, na tovuti inaanza kudanganya. Bei zinapaswa kukaa sehemu moja tu, na sehemu hiyo iwe ile ambayo mwenye kibanda anaweza kuigusa kwa kidole.

Kwa mradi wa ukubwa huu, jedwali la Google Sheets linafaa sana. Linafunguka kwenye simu, halina gharama, na linaweza kuchapishwa kama faili la maandishi ambalo JavaScript inalisoma. Tengeneza safu tano: jina, maelezo, bei, kundi, ipo. Safu ya mwisho inasema kama chakula kipo leo.

Safu hiyo ya "ipo" inastahili uangalifu. Ukimwachia mtu aandike, leo ataandika "ndiyo", kesho "ndio", keshokutwa "Ndiyo " yenye nafasi mwishoni, na msimbo wako unaotafuta neno moja utaficha vyakula vilivyopo. Weka visanduku vya kutia tiki badala yake. Jedwali likichapishwa, kisanduku chenye tiki hutoka kama TRUE na kitupu kama FALSE. Mwenye kibanda, supu ikiisha, anagusa mara moja tu.

Safu ya bei nayo ipe sharti la kupokea tarakimu tupu. Mtu akiandika alama ya fedha au mkato katikati ya namba, kama 1,500, Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, hurudisha NaN, yaani "si namba", na msimbo ulio hapa chini utakiondoa chakula hicho kwenye menyu.

Chapisha ukurasa wa menyu peke yake, si jedwali zima, kwa umbo la TSV, yaani thamani zilizotenganishwa kwa tabo. Wengi huchagua CSV, inayotenganisha kwa mkato, kwa mazoea, kisha maelezo ya chakula yenye mkato, "wali, maharage na mboga", yanapasuka vipande viwili na bei inahamia safu ya jirani. Na kumbuka kwamba kilichochapishwa kinasomeka na yeyote mwenye anwani. Kama mwenye kibanda anaandika madeni ya wateja kwenye jedwali hilohilo, mtengenezee jingine.

Kusoma menyu ni mistari michache (ANWANI ni anwani ya jedwali lililochapishwa):

const jibu = await fetch(ANWANI);
if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);
const mistari = (await jibu.text()).split("\n").slice(1);
const menyu = mistari.map(m => {
  const [jina, maelezo, bei, kundi, ipo] = m.split("\t").map(s => s.trim());
  return { jina, maelezo, bei: Number(bei), kundi, ipo: ipo === "TRUE" };
}).filter(c => c.jina && c.bei > 0);

Viweke ndani ya kitendaji cha async chenye try na catch. Ile slice(1) inaruka mstari wa vichwa vya safu. Ile trim() isiondolewe: mistari ya faili la namna hii huweza kuishia na alama mbili zisizoonekana, \r\n, na ukikata kwa \n peke yake, neno la mwisho linabaki na \r mkiani. Hapo "TRUE\r" si sawa na "TRUE", na menyu nzima inaonekana imeisha. Unaweza kupoteza jioni nzima ukitafuta kosa hilo, kwa sababu ukiichapisha thamani kwenye konsoli inaonekana sahihi kabisa. Nayo filter ya mwisho inaondoa mistari tupu, maana visanduku vya tiki vilivyowekwa hadi chini hutoa FALSE hata kwenye mistari isiyo na chakula.

Unapoweka maneno kwenye ukurasa, tumia textContent, usitumie innerHTML. Kwa innerHTML, chochote kinachoandikwa kwenye jedwali huchukuliwa kama msimbo. Mtu akipata ruhusa ya jedwali amepata tovuti.

Chakula kilichoisha usikifute kwenye orodha. Kionyeshe kikiwa kimefifia, pembeni neno "Kimeisha leo". Mteja anajua kibanda kinakipika, na kesho atarudi. Neno lenyewe liwepo, rangi iliyofifia pekee haitoshi kwa asiyeona vizuri.

Ukurasa ukifunguka lakini jedwali lisisomeke je? Kila menyu inaposomwa vizuri, ihifadhi kwenye localStorage, hifadhi ndogo ndani ya kivinjari cha mteja, pamoja na tarehe. Ikishindikana kusomwa, onyesha iliyohifadhiwa na useme wazi: "Menyu hii ni ya tarehe fulani, piga simu kuthibitisha." Kama hakuna iliyohifadhiwa, onyesha namba ya simu. Ukurasa mweupe ni jibu baya kuliko yote. Pia usiandike "Imesasishwa leo" kwa kutumia tarehe ya siku ambayo mteja amefungua ukurasa. Huo ni uongo uliotengenezwa na msimbo. Unajua menyu imesomwa leo, hujui ilibadilishwa lini.

Mabadiliko ya jedwali lililochapishwa huchukua dakika kadhaa kufika kwenye tovuti. Mweleze mwenye kibanda mapema, la sivyo atagusa tiki mara sita akidhani haifanyi kazi.

Kama kuna hesabu ya jumla ya oda, fanya hesabu kwa namba kamili za kizio kidogo kabisa cha fedha. JavaScript ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inajibu 0.30000000000000004.

Hatua ya 5: Saa za kufungua, mahali pa makosa ya kimyakimya

Mteja anayesoma Kiswahili anaweza kuielewa "saa 2" kwa namna mbili. Andika zote: "saa 2 asubuhi (08:00)". Ndani ya msimbo tumia mfumo wa 0 hadi 23 peke yake, tena kwa dakika tangu usiku wa manane, yaani 08:00 ni 480 na 18:30 ni 1110. Kulinganisha namba mbili ni rahisi kuliko kulinganisha maneno.

Siku nazo zina mtego wake. getDay() huhesabu Jumapili kuwa 0, Jumatatu 1, hadi Jumamosi 6. Anayefikiri kwa Kiswahili, ambapo Jumatatu ni ya tatu kwa jina, hukosea kirahisi akipanga orodha ya saa kuanzia Jumamosi. Panga orodha kuanzia Jumapili, uandike maoni juu yake.

Kibanda kinachofunga kabla ya usiku wa manane ni rahisi: kiko wazi kama sasa ni sawa au zaidi ya saa ya kufungua na ni chini ya saa ya kufunga. Kinachofungua 18:00 na kufunga 01:00 kinaharibu hesabu hiyo, kwa sababu 60 ni ndogo kuliko 1080 na sharti halitimii kamwe. Tovuti itasema kimefungwa usiku kucha. Hapo gawa kazi mara mbili: angalia kama sasa imepita saa ya kufungua ya leo, au kama bado haijafika saa ya kufunga ya zamu iliyoanza jana. Saa 00:30 ya Jumapili ni mali ya Jumamosi. Ukitumia orodha ya Jumapili, siku ambayo pengine hawafungui, utamnyima mteja chakula kilicho tayari jikoni.

Tarehe ya JavaScript hufuata saa ya kifaa cha mtazamaji. Taja eneo la saa la kibanda kupitia timeZone kwenye Intl.DateTimeFormat, ili anayefungua tovuti akiwa mbali apate jibu la kibandani. Mwisho, weka seli moja kwenye jedwali yenye kisanduku cha "Leo tumefunga". Msiba na ugonjwa havifuati ratiba.

Hatua ya 6: Picha

Piga mwenyewe. Picha za kuchukua mtandaoni zina wenyewe, na zaidi ya hapo zinaonyesha chakula ambacho mteja hatakipata. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa, zima mwako (flashi), weka sahani kivulini penye mwanga wa pembeni, na upige ndani ya dakika chache tangu kipakuliwe, kabla mvuke haujaisha na mafuta hayajaganda. Chakula kilicho bapa kipige kutoka juu, chenye kimo kipige kwa mshazari. Mandhari iwe ileile kwa vyakula vyote, menyu itaonekana imetulia.

Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000 na mara nyingi ni MB 3 hadi 5. Kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, picha moja ya MB 4 inachukua sekunde 32. Mteja ameshakwenda kibanda kingine. Ipunguze iwe pikseli 800 kwa upana, umbo la WebP (aina ya faili la picha lililobanwa vizuri), ubora kama 75. Kwa kawaida itashuka chini ya KB 100. Squoosh, zana ya kubana picha, hufanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Jiwekee kikomo cha KB 500 kwa ukurasa wote unapofunguka mara ya kwanza, kisha ukiheshimu.

Kila img iwe na width na height, ili kivinjari kitenge nafasi mapema. Bila hizo, picha ikifika inasukuma kila kitu chini, na kidole kilichokuwa kinaelekea "Piga simu" kinagusa kitu kingine. Weka loading="lazy" kwa picha za chini tu; ya juu kabisa ukiiwekea, unaichelewesha bila sababu. Kwenye alt andika kinachoonekana: "Bakuli la supu ya kuku na mkate pembeni", si "picha1".

Hatua ya 7: Rangi, herufi, vitufe

Tovuti hii itasomwa juani. Utofauti kati ya maandishi na mandhari yake uwe angalau 4.5 kwa 1, kiwango cha WCAG (miongozo ya ufikivu wa tovuti) kwa maandishi ya kawaida, na ukiweza uvuke hapo. Rangi ya chungwa hupendwa sana kwenye tovuti za chakula, lakini maandishi meupe juu ya #FF9800 yana utofauti wa takriban 2.2 tu. Weka meusi juu ya rangi hiyohiyo, unapata kama 9.7. Rangi mbili na nyeupe zinatosha. Chagua moja kutoka kwenye kibanda chenyewe, rangi ya mwavuli au ya ubao, ili mteja akifika aone ni palepale.

Maandishi yaanzie pikseli 16, nafasi ya mistari 1.5. Kisanduku cha kuandikia chenye herufi chini ya 16 hufanya iPhone ikuze ukurasa ghafla mtu anapokigusa. Tumia system-ui, fonti iliyomo tayari kwenye simu, haipakuliwi. Vitufe viwe na kimo cha pikseli 44 au zaidi na viachane kwa angalau 8.

Kwa kadi za menyu, mstari mmoja wa CSS unatosha simu na kompyuta:

grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(min(16rem, 100%), 1fr));

Hatua ya 8: Simu, ujumbe, njia

Kiungo cha kupiga kianze na tel: kikifuatwa na namba kamili yenye + na msimbo wa nchi. Cha WhatsApp ni https://wa.me/ na namba yenye msimbo wa nchi, ila hapa bila + wala sifuri ya mwanzo. Kinyume hicho huwachanganya wengi. Ukitaka ujumbe uwe umeandikwa tayari, ongeza ?text= na maneno yaliyopitishwa kwenye encodeURIComponent, la sivyo alama ya & ndani ya ujumbe itaukata katikati.

Fomu ya oda iache. Tovuti isiyo na seva haiwezi kuipokea yenyewe, na oda inayoingia kwenye barua pepe isiyosomwa ni ahadi iliyovunjwa.

Ramani iliyopachikwa ni nzito. Kiungo kinachofungua programu ya ramani kinatosha:

https://www.google.com/maps/search/?api=1&query=latitudo,longitudo

Chukua viwianishi ukiwa umesimama mbele ya kibanda, tarakimu tano baada ya nukta, ambazo ni usahihi wa kama mita moja. Latitudo hutangulia. Ukizigeuza, kibanda kinaweza kuangukia baharini. Chini ya kitufe andika maelekezo kwa maneno, ukitaja alama isiyohama: lango, daraja, mti mkubwa.

Hatua ya 9: Kupandisha hewani

GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani kutoka kwenye hifadhi ya msimbo ya GitHub, inatosha na haina malipo kwa hifadhi iliyo wazi kwa umma. Faili kuu liitwe index.html. Tovuti ya mradi hukaa ndani ya njia ndogo, yaani jina lako .github.io kisha /jina-la-mradi/, kwa hiyo anwani inayoanza na mkwaju, kama /picha/supu.webp, itatafuta mahali pasipo na kitu. Andika picha/supu.webp. Ukibadilisha kitu na usikione, subiri dakika kama 10 au fungua dirisha la faragha kabla hujaanza kuvunja msimbo uliokuwa mzima.

Hatua ya 10: Jaribu hadi ivunjike

Mashine kwanza: validator.w3.org kwa HTML, na Lighthouse, zana ya upimaji iliyomo ndani ya Chrome, kwa kasi na ufikivu. Lenga kipengele kikubwa kabisa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Alama za Lighthouse zikitofautiana kati ya majaribio ni kawaida; pima mara tatu, andika ya katikati.

Kisha ivuruge makusudi. Futa bei moja kwenye jedwali. Ondoa tiki zote. Andika jina la chakula lenye herufi 60. Haribu kwa muda anwani ya jedwali kwenye msimbo, kisha ufungue ukurasa upya. Badilisha saa ya simu iwe dakika moja kabla ya kufunga, halafu dakika moja baada.

Baada ya hapo tafuta watu watano, simu zao wenyewe, nje penye jua. Wape kazi: "Unataka supu sasa hivi. Inawezekana? Utalipa kiasi gani? Utafikaje?" Usiwasaidie, usielekeze kidole, andika sekunde na mahali walipokwama. Mtu akisogeza skrini juu chini mara mbili akitafuta kitu, hicho kitu kiko mahali pabaya, hata kama mwishowe amekipata na kusema ni rahisi.

Hatua ya 11: Ripoti na utetezi

Orodha ya maswali ya wateja iwe sura ya mahitaji; kila sehemu ya tovuti itajwe inajibu swali gani. Weka michoro iliyokataliwa na sababu zake, jedwali la majaribio lenye safu za kilichotarajiwa, kilichotokea na kilichorekebishwa, na picha za skrini za kabla na baada.

Watahini watakuuliza kwa nini hukutumia hifadhidata. Jibu kwa hoja: vyakula ni ishirini au thelathini, anayebadilisha ni mtu mmoja, na jedwali analiweza. Watauliza udhaifu wake. Utaje mwenyewe kabla hawajautaja: unategemea huduma ya kampuni ya nje, mabadiliko huchelewa dakika kadhaa, na vibanda hamsini vyenye oda za moja kwa moja vingehitaji mfumo mwingine.

Hatua ya 12: Kukabidhi

Jedwali la menyu liwe kwenye akaunti ya mwenye kibanda tangu mwanzo, si kwenye barua pepe ya chuo. Akaunti za wanafunzi huweza kufungwa baada ya kuhitimu, na ikifungwa menyu inakufa nayo. Hifadhi ya GitHub vilevile: ihamishie kwenye akaunti yake, au mtengenezee moja mkiwa wote, nywila aandike yeye kwenye daftari lake.

Siku ya kukabidhi, mwache abadilishe bei moja, aondoe tiki ya chakula kimoja, kisha afungue tovuti kwenye simu yake aone. Wewe weka mikono mfukoni. Akikwama, tatizo liko kwenye jedwali: vichwa vya safu havieleweki, au seli ni finyu kwa kidole chake, au ulificha kitu. Rekebisha, urudi kesho yake, umwombe afanye tena bila kumkumbusha chochote. Mwachie karatasi moja iliyochapwa kwa herufi kubwa, ya kubandika ndani ya kibanda: jinsi ya kubadilisha bei, jinsi ya kuweka "Kimeisha", jinsi ya kuweka "Leo tumefunga".